Sikio la pili: historia ya kungoja, kutoka Paris mpaka Mugunga



Mimi nilisoma agronomia. Mkiniona naandika, kawaida ni juu ya muhogo, mbolea ao magonjwa ya migomba. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo shambani, niandike historia ya chombo kimoja kidogo chenye kuingia ndani ya sikio. Sababu ni mtoto wa yaya yangu. Tunaishi naye hapa Mugunga, ana miaka minane, na tangu 2021 tunangoja sikio lake la pili.

Watu wakisikia hivyo wananiuliza: "Lakini iko na sikio moya ile inafanya kazi. Munatafuta nini tena?" Hata mimi zamani nilikuwa na swali hilo. Nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba madaktari wa nchi tajiri nao waliuliza vilevile, na jibu lilichukua miaka mingi. Jibu hilo, na namna lilivyochelewa, njo habari yangu ya leo.

Menenjiti

Mwaka 2020, mtoto akiwa karibu kutimiza miaka mitatu, alishikwa na homa kali, shingo ikakazana. Ilikuwa menenjiti. Dawa zilimponya, tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Baada ya majuma machache yaya akaona kwamba akimwita kwa nyuma, mtoto hageuki. Alikuwa amekwisha kujua maneno mingi: mama, maji, leta, chukudu. Yakaanza kupotea moja moja. "Chukudu" lilidumu kuliko mengine, halafu nalo likaenda.

Siku tulipotoka hospitalini hakuna aliyetuambia kwamba mtoto aliyepona menenjiti anapaswa kupimwa masikio haraka, hata kama anaonekana mzima. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba hatukujua, na kutokujua kulitula miezi.

Ndani ya sikio, nyuma kabisa, kuna mrija mdogo uliojikunja kama konokono. Unaitwa koklea. Ndani yake kuna chembe zenye vinywele, karibu 15,000 kwa kila sikio, ambazo zinageuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme mdogo wa kwenda kwenye ubongo. Menenjiti inaweza kuziua zote kwa siku chache, na hazioti tena. Apareye ya kawaida ya kuongeza sauti hapo haisaidii: ni kama kumwagilia mche uliokauka mizizi.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo sisi wa Goma tunaweza kulielewa kuliko watu wengi. Baada ya menenjiti, ule mrija unaweza kuanza kujaa mfupa. Fikirieni bomba ambalo volkano imeingia ndani yake ikaganda. Likishaziba, hakuna cha kupitisha humo. Kwa hiyo kwa mtoto wa menenjiti madaktari wanasema haraka, tena masikio yote mawili. Kwake kungoja si kukaa mahali pamoja. Kila mwezi unaopita, mlango unaweza kuwa unafungwa.

Umeme ndani ya kichwa

Mtu wa kwanza aliyejulikana kutia umeme kwenye masikio yake ni Mwitalia Alessandro Volta, yule aliyetengeneza batri ya kwanza. Alitia vyuma viwili masikioni, akaviunga na batri yake. Alipata mshtuko kichwani, halafu akasikia sauti kama kitu kizito kinachochemka. Sisi tungesema kama bugali kabla haujakazana. Aliandika habari hiyo mwaka 1800, na hakupenda kurudia.

Zaidi ya miaka 150 ikapita. Mwezi wa pili wa 1957, mjini Paris, André Djourno, mtaalamu wa umeme wa mwili, na Charles Eyriès, mpasuaji wa masikio, walimwekea mtu mmoja kiziwi chombo cha kupeleka umeme kwenye mshipa wa kusikia. Alisikia milio kama ya nyenje. Kwa mazoezi akaanza kutofautisha maneno machache, kama "papa", "maman" na "allô". Chombo kiliharibika, wakaweka kingine, nacho kikaharibika. Ushirika wao ukavunjika. Lakini karatasi waliyoiandika kwa Kifaransa ilisafiri. Ilimfikia William House, daktari wa Los Angeles, na mwaka 1961 akaanza kujaribu kwa wagonjwa wake.

Wakubwa wengi wa sayansi walimcheka. Walisema waya mmoja hauwezi kufanya kazi ya maelfu ya vinywele. Kwa kiasi walikuwa na haki: chombo cha House kilikuwa na njia moja tu, mtu alisikia mlango, honi, mbwa, lakini maneno yalikuwa magumu. Ilibidi kupata waya wenye njia nyingi, kila njia na sauti yake, nyembamba ao nene.

Kazi hiyo ilifanyika karibu wakati mmoja fasi mbili mbali. Mjini Vienna, Desemba 1977, kwa chombo cha Ingeborg Hochmair na Erwin Hochmair. Mjini Melbourne, tarehe 1 Agosti 1978, kwa chombo cha Graeme Clark, daktari ambaye baba yake mwenyewe alikuwa hasikii vizuri. Shida kubwa ya Clark ilikuwa hii: utaingizaje waya ndani ya konokono bila kuuharibu? Mwaka 1977, akiwa likizoni ufukweni, aliokota koa la baharini na jani la nyasi. Akajaribu kusukuma jani ndani ya koa. Likaingia likizunguka vizuri, juu jani la nyasi ni gumu kwenye shina na laini kwenye ncha. Akatengeneza waya wake kwa mfano huo. Mimi mtu wa mimea nilisoma habari hiyo mara tatu.

Marekani iliruhusu chombo cha House kwa watu wazima mwaka 1984, kile cha Clark 1985, na mwaka 1990 ikaruhusu kwa watoto kuanzia miaka miwili. Afrika haikuwa nyuma kama tunavyofikiri: hospitali ya Tygerberg, Afrika Kusini, ilianza mwaka 1986.

Chombo chenyewe ni vipande viwili. Cha nje kinakaa nyuma ya sikio: kina maikro, kompyuta ndogo na batri, kinashikwa kichwani kwa sumaku. Cha ndani kinakaa chini ya ngozi, na waya wake unaingia kwenye koklea. Hakirudishi sikio la Mungu. Kinampa ubongo lugha mpya ya umeme, na ubongo unapaswa kuisoma, mwaka baada ya mwaka, kwa mazoezi. Operesheni ni saa chache. Kazi ni ile inayofuata.

Kwa nini sikio moja lilionekana linatosha

Kwa muda mrefu mgonjwa alipewa kimoja tu. Sababu ya kwanza ilikuwa feza: chombo kimoja, pamoja na operesheni na mazoezi, kinafika makumi ya maelfu ya dola katika nchi tajiri. Sababu ya pili inavutia: wengine walisema sikio la pili liachwe, liwe akiba, siku moja sayansi italeta kitu bora zaidi. Yaani mtoto angoje kwa sikio moja kwa niaba ya kesho.

Mwaka 1996, mjini Würzburg, Ujerumani, madaktari walianza kuwapa watu wazima masikio mawili, na miaka miwili baadaye watoto. Wengine wakasema ni anasa. Ilibidi kungoja mpaka Januari 2009 ndipo Uingereza, kupitia taasisi yake inayoamua serikali ilipe matibabu gani, iliamua kwamba mtoto kiziwi apewe vyote viwili kwa operesheni moja, na aliyekwisha kupewa kimoja aangaliwe kama anafaa kwa cha pili. Kutoka Paris 1957 mpaka hapo ni miaka 52. Kwa hiyo yule anayetuuliza Mugunga "munatafuta nini tena?" tusimcheke. Anauliza swali ambalo Ulaya ililimaliza juzi tu.

Na jibu ni nini? Sikio moja linakuambia kuna sauti. Masikio mawili yanakuambia sauti inatoka wapi.

Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1907. Sauti ikitoka kushoto, inafika sikio la kushoto kwanza, halafu la kulia, tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena kichwa chenyewe kinaizuia kidogo, kama mti unavyotia kivuli. Ubongo unalinganisha, unajua upande. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Vilevile kwenye kelele: masikio mawili yanasaidia kuchagua sauti ya mwalimu kati ya sauti za watoto sitini, kwenye darasa la mbao, mvua ikipiga mabati.

Kuna pia msimu. Sisi huku tunapanda msimu A mwezi wa tisa na msimu B mwezi wa pili. Ukipanda mbegu nzuri mwezi wa sita, usilaumu mbegu. Ubongo wa mtoto nao una msimu. Watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba mtoto akikaa na sikio moja zaidi ya mwaka mmoja na nusu, ubongo unaanza kulipendelea sikio hilo na kulisahau lile lingine. Ukileta la pili baadaye linaweza kusaidia, lakini litabaki kama mgeni ndani ya nyumba.

Kungoja kwetu

Sasa nirudi Mugunga. Ninyi mnaifahamu: njia ya kwenda Sake, majiwe meusi, udongo kidogo juu ya volkano. Kambi ya wakimbizi ya 1994 ilikuwa hapa, halafu kambi za wahamishwa zikafuata. Ni kartie inayojua kungoja.

Safari ya India ilikuwa imepangwa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji. Yaya alibeba mtoto na bahasha ya karatasi za hospitali, hakubeba kitu kingine. Mwezi wa nane wakaondoka kupitia Kigali. Feza zilitoka kwa kanisa, kwa likelemba ya wamama, kwa shamba la baba lililouzwa, na kwa ndugu aliye Kanada. Zilitosha sikio moja. Walichagua la kulia, lililokuwa wazi. Kwenye picha ya la kushoto mfupa ulikuwa umeanza, na daktari alimwambia yaya: "Rudini mapema. Msihesabu miaka, hesabuni miezi."

Chombo kilipowashwa mara ya kwanza, mtoto alilia. Tuliogopa, kumbe ndivyo wengi wanafanya. Baada ya miezi minne alisema "mama". Neno la pili lilikuwa "chukudu".

Tukaanza kutafuta feza za pili. Katikati ya 2022 vita ikawaka Rutshuru, halafu ikafika Masisi. Mwanzoni mwa 2023 nyumba yetu ya vyumba vitatu ilikuwa na watu kumi na tisa. Usiku mmoja baba alimwita yaya, akaweka daftari ya feza mezani. Hakusema mingi. Yaya alisoma, akauliza: "Baba, tutakulisha bantu ao tutanunua sikio?" Baba akanyamaza. Yaya mwenyewe akajibu: "Bantu bale kwanza." Zile feza zikawa unga, maharagi na maturubai. Sijawahi kumsikia akijuta. Lakini tangu siku ile, kila mwisho wa mwezi anaandika ukutani tangu lini tunangoja. Anahesabu miezi, kama daktari alivyosema.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wahamishwa huku kwetu. Watu walikufa, wengi wao wamama na watoto. Mtoto wetu alikuwa nje, njiani. Alisikia mshindo, maana chombo kilikuwa kinafanya kazi. Watoto wengine walikimbia kuelekea nyumbani. Yeye alisimama katikati, akageuza kichwa huku na huku, halafu akaanza kukimbia kuelekea kule moshi ulikotoka. Jirani alimdaka kwa mkono. Jioni jirani yule alituambia: "Mutoto anasikia, lakini hajue fasi sauti inatokea." Mimi nilikuwa nimesoma Rayleigh na Toronto. Yeye hakusoma, na alisema vilevile kwa maneno machache zaidi.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita ikaingia mjini. Umeme ukakatika siku kadhaa. Batri za chombo zikaisha, na mtoto akarudi kwenye ukimya, huku sisi tukilala chini. Baadaye benki zikafungwa, kiwanja cha ndege kikafungwa, na kile kidogo tulichoanza kukusanya tena kikabaki kwenye akaunti isiyofunguka.

Mikono

Siku zile za giza tuliongea naye kwa mikono. Maji. Njoo. Lala. Usiogope. Hapo nilijuta, juu alama hizo zilikuwa chache, na kosa lilikuwa letu. Mtu mmoja alikuwa ametushauri kwamba mwenye chombo asifundishwe ishara, atakuwa mvivu wa kusema. Tukamwamini.

Wazo hilo nalo lina historia. Mwaka 1880, mjini Milano, mkutano wa walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, ulipiga kura ishara ziondolewe shuleni. Ilichukua mpaka 2010, mjini Vancouver, mkutano kama huo kuukataa uamuzi ule na kusikitika kwa madhara yake. Miaka 130.

Na sisi wa Goma tunapaswa kumjua Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa menenjiti, sawa na mtoto wetu. Alianza Ghana mwaka 1957, mwaka uleule wa Paris, akafungua shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Zaire ikiwemo. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege yake ilipoanguka karibu na Gisenyi, hapo ng'ambo ya mpaka wetu. Paris walitafuta sauti. Foster alitafuta lugha. Mtoto anahitaji vyote viwili, na lugha haingoji visa.

Tulipo leo

Kuna habari njema karibu. Mwezi wa sita 2017, hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliwawekea watoto wa kwanza vipandikizi hivi, kazi iliyokuwa inawapeleka Watanzania India kwa gharama kubwa zaidi. Kwetu maana yake ni kubwa: siku moja marekebisho, vipuri na mazoezi vinaweza kupatikana kwa basi na kwa Kiswahili, si kwa ndege na kwa mkalimani. Yaya ameanza kuuliza huko. Wanataka picha mpya ya koklea ya kushoto. Picha hiyo itatuambia mlango umebaki wazi kiasi gani: waya wote, nusu, ao hakuna. Yaya anaitaka na anaiogopa. Mimi pia.

Wenzangu, sikuandika hii mtuchangie. Naomba vitu vitatu, kwa kuwa ninyi njo watu wanaoulizwa kwenye familia zenu. Mtoto akipona menenjiti, semeni apimwe masikio majuma yaleyale, msingoje aanze kupoteza maneno. Mtoto kiziwi, awe na chombo ao hana, apewe lugha ya ishara leo. Na mkisikia mzazi anatafuta sikio la pili, msimwambie moja linatosha. Muulizeni amebakiza nini, na picha inasema nini.

Juzi nilikuwa natembea na mtoto kando ya njia ya Sake. Chukudu yenye magunia ya makaa ilikuwa inashuka nyuma yetu, kijana anapiga kelele tutoke. Mtoto alisikia. Akasimama, akanishika mkono, akauliza kwa mdomo na kwa vidole pamoja, kama anavyofanya sasa: "Mujomba, iko upande gani?"

Nikamwonyesha kushoto, tukapisha.